Ndege Mwenye Uso wa Mtu

Niliyasema haya jioni moja Mombasa, mbele ya wanafunzi, walimu na wazee wa Mji wa Kale. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza marudio tu.

Bismillahi. Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa mkekani kwa kukosa viti, asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni. Namshukuru hasa mzee wetu fundi wa vyombo, aliyekubali kutoka kwake juani kuja kutazama picha ya chombo asichokiunda yeye. Mzee, nina kazi na wewe baadaye.

Picha mnayoiona ukutani ina umri wa karibu miaka 800. Kabla sijasema imetoka wapi, naomba tuitazame kwanza, kama mtoto anavyotazama kitu ambacho bado hajatajiwa jina lake.

Kuna kisiwa. Miti imeshamiri, ina matunda, na kwenye matawi kima wanaparamia. Wako ndege, na mmoja wao ni kasuku, hapana shaka. Chini ni maji, na majini mna samaki. Ukingoni inaonekana sehemu ya chombo kilichofika. Mpaka hapo mtu wa pwani hashangai. Kisiwa cha miti, kima na samaki tunakijua. Kisha jicho linawafikia hawa wawili. Mmoja ana kiwiliwili cha ndege, mabawa ya ndege, mkia wa ndege, na juu ya shingo uso wa binadamu. Wa pili ana miguu minne na mwili mfano wa simba, naye pia uso wake ni wa mtu. Hawamshambulii yeyote wala hawakimbii. Wametulia pale kama wenye kisiwa.

Ni nani hawa?

Nimesikia mnong'ono upande wa akina mama: "Buraki," yule mnyama aliyepandwa na Mtume usiku wa Miiraji. Najua ulikotoka mnong'ono huo, kwa sababu hata mimi ndilo jina lililonijia mara ya kwanza. Nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama palikuwa na picha ya kuchapishwa, imetiwa fremu, imetundikwa juu ya mlango wa chumba chake: mnyama mweupe, mabawa mawili, mkia wa tausi, uso wa mwanamke aliyevaa taji. Usiku wa mwezi 27 Rajabu, Miiraji ikisomwa, sisi wajukuu tulikuwa tukimtazama yeye juu ya mlango huku tukisikiliza. Bibi alitukataza kumnyooshea kidole. Basi miaka mingi baadaye nafungua kitabu cha sanaa, nakutana na uso huu juu ya kiwiliwili cha ndege. Ningemwita nani mwingine? Nikamwita Buraki, na nikafundisha hivyo darasani kwa miaka. Wanafunzi wangu wa zamani walioko hapa, nawaomba radhi. Nilikuwa nimekosea, na nadhani kosa lile linastahili kuelezwa vizuri kuliko kufutwa kimya kimya.

Tuanze na kitabu chenyewe.

Mtungaji wake ni al-Hariri wa Basra, aliyezaliwa mwaka 1054 na kufariki mwaka 1122. Aliandika visa 50 vinavyoitwa maqamat, yaani vikao. Katika kila kisa msafiri aitwaye al-Harith bin Hammam anakutana na mtu mmoja yuleyule, mzee Abu Zayd wa Saruj, ambaye kila mara amejigeuza: leo ombaomba, kesho mhubiri, keshokutwa kipofu. Anachoishi nacho ni ulimi wake. Mkitaka kumfahamu haraka mfikirieni Abunuwasi wetu, lakini mpeni lugha ya juu kabisa, ya mizani na vina, lugha ambayo wanafunzi wa Baghdad waliihifadhi kwa moyo. Kitabu kilipendwa mno. Zimebaki zaidi ya nakala kumi za zama za kati zenye picha, na hilo ni jambo la kustaajabisha, maana utamu wa al-Hariri umo katika maneno, na maneno hayachoreki.

Nakala yenye kisiwa chetu ndiyo mashuhuri kuliko zote. Aliyeinakili ndiye aliyeichora, na ametuachia jina lake mwishoni: Yahya bin Mahmud al-Wasiti. Nisba yake inatupeleka Wasit, mji wa Iraki kati ya Baghdad na Basra. Anasema alimaliza mwezi wa Ramadhani mwaka 634 wa Hijria, sawa na Mei 1237. Miaka 21 baadaye, mwaka 1258, Wamongolia waliingia Baghdad na ulimwengu ule ukaanguka. Kitabu kilisalimika. Kilipita mikono tusiyoijua yote, kikafika kwa mwanazuoni Mfaransa Charles Schefer, na mwaka 1899 kikaingia Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris, ambako kinaitwa Arabe 5847. Kina picha karibu 100. Maktaba imekipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuziweka kwenye intaneti bila malipo. Kijana mwenye simu anaweza kukifungua leo usiku. Kisiwa chetu kimo katika jani la 121, upande wa mbele.

Sasa kisa. Ni cha 39, kinaitwa cha Oman, na kwetu sisi ni kama kimeandikwa jirani tu. Al-Harith anapanda chombo kwenda Oman. Usiku, chombo kikiwa tayari kung'oa nanga, sauti inaita kutoka ufukweni. Ni mzee anayeomba kupakiwa. Hana nauli, ila anasema anayo hirizi ya wasafiri, kinga ya bahari, naye hataki kuificha. Hirizi yenyewe anaisoma, na nyote mnaijua: "Irkabu fiha, bismillahi majreha wa mursaha." Ndiyo maneno ya Nabii Nuhu katika Sura Hud. Wangapi humu babu zao waliyasoma mkono ukiwa juu ya usukani? Wanampakia. Al-Harith anaitambua sauti: ni Abu Zayd.

Bahari inachafuka. Wanakimbilia kisiwa kimoja, wanakaa wakingoja upepo mpaka chakula kinakwisha. Abu Zayd na al-Harith wanashuka kutafuta riziki, wanafika kwenye jumba kubwa, mlangoni watumwa wamekaa kwa huzuni, hawajibu salamu. Mwishowe mmoja anaeleza: bwana wa jumba hakuwahi kupata mtoto, na sasa mkewe yuko katika uchungu, mimba imegoma kutoka, wanahofia mama na mtoto. Abu Zayd anasema furahini, ninayo hirizi ya uzazi. Anataka kalamu, kipande cha povu la bahari lililogandamana, na zafarani iliyoloweshwa katika maji ya waridi.

Naona mnatabasamu. Zafarani na marashi! Mimi nimeinywa kombe iliyoandikwa kwa wino huohuo kwenye sahani nyeupe, na nadhani nusu ya waliomo humu wameinywa. Abu Zayd hakuandika aya, hata hivyo. Aliandika mashairi ya kumnasihi mtoto: wewe uliye ndani, uko mahali pa salama, huna adui wala rafiki wa unafiki, ukitoka utakutana na taabu na machozi, basi baki huko huko. Kisha akakifunga katika kitambaa cha hariri, akaamuru kifungwe kwenye paja la mama. Mtoto akatoka. Zawadi zikamiminika, na Abu Zayd akabaki kisiwani, amefika.

Nimekisimulia kisa chote kwa sababu moja. Mlisikia mahali popote nikitaja ndege mwenye uso wa mtu? Simba je? Kima? Kasuku? Hamkusikia, kwa kuwa al-Hariri hakuwataja. Kisiwa kwake ni kisiwa tu. Hata jina ambalo picha hii hupewa katika vitabu vya sanaa, "Kisiwa cha Mashariki", ni la wataalamu wa siku hizi. Viumbe hawa kawaleta al-Wasiti mwenyewe, kwa hiari yake, katika kitabu ambacho kila neno lake alilinakili kwa mkono wake. Alijua vizuri kabisa kwamba hawamo. Kwa hiyo hapa tunakutana na mawazo ya mchoraji waziwazi kuliko karibu ukurasa mwingine wowote wa kitabu hiki.

Turudi kwa Buraki. Hadithi sahihi zinamweleza kuwa mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu, ambaye hatua yake moja hufika pale macho yake yanapofika. Basi. Katika maelezo hayo hakuna uso wa mwanamke wala taji. Na katika picha ya al-Wasiti hakuna anayempanda kiumbe, hakuna mbingu, hakuna malaika. Mmoja ni ndege wa miguu miwili ambaye hata tandiko halingemkaa. Tena iko hoja ya tarehe. Miongoni mwa picha za mwanzo kabisa tulizonazo za Buraki mwenye kichwa cha binadamu ni ile iliyomo katika historia ya dunia ya Rashid al-Din, iliyochorwa Tabriz mwanzoni mwa karne ya 14, ambayo sehemu yake sasa iko Edinburgh. Al-Wasiti aliweka kalamu chini karibu miaka 70 kabla ya hapo.

Hili ndilo lililonigeuza. Nilikuwa nikidhani kiumbe wa kisiwani amechukua sura ya Buraki. Mambo yalikwenda kinyume chake: wachoraji walipotaka kumpa sura mnyama ambaye hadithi zilimweleza kwa maneno machache tu, walikuta tayari pana kiumbe mwenye mwili wa mnyama, mabawa na uso wa mtu, anayejulikana na kila mtu sokoni na majumbani, wakamkopa. Kwa hiyo akina mama hawakukosea kabisa. Yule aliyekuwa juu ya mlango wa bibi yangu na huyu wa kisiwani ni ukoo mmoja. Wa kisiwani ndiye mkubwa.

Wako waliopendekeza majina mengine. Anka, kwa mfano, ndege wa hadithi za Waarabu ambaye katika baadhi ya masimulizi ana uso wa binadamu. Lakini huyo hupewa mabawa mengi na ukubwa wa kutisha, na ndege wetu hana hata kimoja. Sitakaa hapo.

Jibu lenye uzito zaidi ni lile la ajabu za bahari, na hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu linatuhusu. Mabaharia wa Siraf, Basra na Oman walirudi na habari za visiwa vya mbali, na habari hizo ziliandikwa. Katika karne ya 10 nahodha Buzurg bin Shahriyar alikusanya masimulizi ya namna hiyo. Baadaye kabisa, katika mji uleule wa Wasit, palikuwa na kadhi aitwaye al-Qazwini aliyetunga kitabu juu ya maajabu ya viumbe. Nakala yake iliyonakiliwa Wasit mwaka 1280, yeye akiwa bado hai, iko Munich. Humo mna visiwa vyenye watu wa vichwa vya mbwa na mambo mengine ya kutoa jasho. Basi wapo wanaosema: al-Wasiti aliposoma "kisiwa", akachota katika hazina hiyo. Kisiwa cha mbali lazima kiwe na viumbe wa mbali.

Sasa jiulizeni, kwa mtu wa Baghdad, umbali huo ulikuwa wapi? Mmojawapo wa mahali hapo ni hapa tulipokaa. Al-Mas'udi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, alisafiri bahari hii, na anasema safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, karibu 916. Wengi wanaiweka Qanbalu huko Pemba. Na Buzurg anasimulia kwamba mwaka 334 wa Hijria, yaani 945, watu wa Waqwaq, nchi ya mbali, walikuja na vyombo vipatavyo 1,000 kuishambulia Qanbalu, wakitaka pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watu wa kuwafanya watumwa. Waqwaq hao hao, katika masimulizi mengine, ndiko kwenye mti unaozaa vichwa vya watu. Mnaona habari ya kweli na ajabu zinavyolala kitanda kimoja? Msikilizaji wa Baghdad hakuwa na namna ya kuzitenganisha. Pemba yenye wakulima na wavuvi wake, na mti wenye vichwa, vyote vilikuja kwa mdomo wa baharia mmoja.

Ndiyo maana siwezi kuitazama picha hii kama anavyoitazama mtu wa Paris. Yeye yuko chomboni, anafika. Mimi nusu yangu iko chomboni, kwa kuwa babu zangu walikuwa mabaharia, na nusu yangu iko kisiwani, chini ya mti, pamoja na kasuku. Sisemi kwamba al-Wasiti alichora Pemba. Kisa kinakwenda Oman, na picha yake ya bwana wa kisiwa na watu wake inaelekea India zaidi kuliko Afrika. Ninachosema ni kwamba watu wa visiwa vya kweli walichorewa majirani wa namna hii, na tunapotafsiri majirani hao tusisahau kwamba kulikuwa na watu wa kweli.

Lakini jibu la ajabu za bahari, pamoja na uzuri wake, halinitoshi. Kama al-Wasiti alitaka kututisha au kutushangaza, kwa nini hakuchora vichwa vya mbwa? Kwa nini hakuchora mti wa Waqwaq? Alikuwa na ajabu chungu nzima za kuchagua, akachagua hawa wawili, watulivu, wenye nyuso nzuri. Na hawa wawili hawakuwa wageni hata kidogo.

Eva Baer, aliyewachunguza viumbe hawa katika sanaa ya Kiislamu na kuchapisha utafiti wake mwaka 1965, aliwafuata kwenye vitu vya kila namna: mabakuli ya udongo wa kung'aa, vitambaa, vyombo vya shaba. Karne za 12 na 13 zimejaa wao, kuanzia Uajemi hadi Shamu. Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni vioo. Kioo cha siku zile kilikuwa kipande cha shaba cha mviringo, upande mmoja umesuguliwa mpaka unang'aa, upande wa nyuma una nakshi. Na nakshi iliyorudiwa sana ni hii: simba wawili wenye mabawa na nyuso za watu, wamepeana migongo, na kuwazunguka kuna maandishi ya Kiarabu yanayomtakia mwenye kioo utukufu, umri mrefu, baraka, ushindi. Ni dua, imezungushiwa viumbe.

Fikirini basi. Tajiri wa Baghdad anayemiliki kitabu hiki anaamka asubuhi, anashika kioo, vidole vyake vinagusa simba mwenye uso wa mtu. Anakula, na chakula kikiisha bakulini anamkuta ndege mwenye uso wa mtu chini ya wali. Jioni anafungua kitabu, kisa cha 39, anawakuta wote wawili kisiwani. Angeuliza "Ni nani hawa?" kama tulivyouliza sisi? Sidhani. Angewajua kama mama zangu mnavyoujua mti wa maua kwenye leso, ambao unamaanisha heri kabla hujasoma hata jina lililoandikwa chini yake.

Na hapa ndipo nataka kusema langu. Ni fasiri yangu; mwenye hoja ya kuivunja aivunje, nitashukuru.

Kisa cha Oman kinaanza na hirizi na kwisha na hirizi. Ya kwanza ni ya bahari, maneno ya Nuhu yanayokipitisha chombo. Ya pili ni ya uzazi, zafarani kwenye povu la bahari inayompitisha mtoto. Kati ya hirizi mbili kuna kisiwa. Al-Wasiti, aliyenakili kisa chote neno kwa neno, alikuwa na nafasi ya picha pale katikati, na hakuwa na tukio kubwa la kuchora. Watu wamekwama tu, wanangoja upepo. Akaijaza nafasi hiyo kwa viumbe ambao mikono ya watu wake ilizoea kuwagusa penye dua. Naamini ni hirizi ya tatu, ya mchoraji mwenyewe, kwa wino na rangi. Kwa msomaji wa siku zile ilimwambia kwamba chombo kimevunja safari mahali pema. Ngoja, heri inakuja. Na kweli ukifungua jani linalofuata, jani la 122 upande wa nyuma, heri yenyewe imechorwa: mama katika uchungu ameshikiliwa na wakunga, juu yake bwana wa kisiwa akingoja, pembeni mmoja ana astrolabu mkononi, anatafuta saa njema angani, na upande wa pili Abu Zayd ameinama, anaandika. Watu wote wa jumba wanatafuta kinga kwa njia wanayoiweza. Picha ya kisiwa na picha ya uzazi, nikiziweka bega kwa bega, naziona zikisema jambo moja.

Kuna hatari katika fasiri hii, nayo ni kwamba kiumbe aliyerudiwa kwenye maelfu ya mabakuli huenda amechakaa, amebaki pambo. Nimelifikiria sana. Ninachojibu ni hiki: mchoraji mvivu huweka pambo popote. Huyu aliwaweka hapa, katika kisa cha hirizi, na kwingineko anatuchorea ngamia, makaburi, soko, maktaba na msikiti kama alivyoviona. Mtu mwenye jicho kali hivyo hapotezi ukurasa mzima.

Bwana mmoja kule nyuma ameinua mkono tangu mapema, na nadhani najua swali lake, maana huulizwa kila mahali ninapoonyesha picha hizi. Je, taswira za viumbe wenye roho, katika kitabu cha Waislamu? Ni swali la haki. Vitabu hivi havikuwa vya msikitini. Vilikuwa vya starehe ya akili, vya nyumbani, vya watu waliosoma na wenye uwezo. Hata hivyo wasiwasi ulikuwepo siku zile kama ulivyopo leo, na uliacha alama. Katika nakala nyingine ya visa hivihivi, iliyoko St. Petersburg, kuna mtu aliyekuja baadaye akapitisha mstari wa wino shingoni mwa watu waliochorwa. Hakuchoma kitabu, hakurarua ukurasa. Alitenganisha kichwa na mwili kwa mstari mwembamba, ili wasihesabiwe kuwa na roho, kisha akaendelea kusoma. Mimi nauheshimu mstari ule. Ni msomaji aliyetaka kitabu na akataka dhamira yake isalimike pia.

Viumbe wetu wawili wa Paris shingo zao ni nzima. Nami huwaza kwamba kwao mstari ungekuwa mgumu zaidi kuamua: kichwa ni cha mtu na mwili si wake. Ungetenganisha nini na nini?

Imebaki chombo. Nimeahidi nina kazi na mzee wetu. Majani mawili kabla ya kisiwa, jani la 119 upande wa nyuma, al-Wasiti amekichora chombo kizima. Abiria wako ndani, nyuso zao zinachungulia kwenye matundu ya ubavuni, wote wamekaa sawasawa kama shanga. Mabaharia wako juu, weusi, vifua wazi, mmoja amepanda juu kwenye mlingoti. Wako wanaosema ni Wahindi, na wako wanaosema ni Wazanji, yaani sisi. Tezini, yaani nyuma ya chombo, umening'inia usukani, na ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za usukani wa tezi katika ulimwengu wa Waarabu. Na ubavuni, kwenye mbao, kuna mistari hii ya alama fupi fupi iliyofuatana. Wasomi wanasema ni kamba: chombo kimeshonwa, hakikupigwa msumari, kama mitepe ya Lamu na Pate ilivyokuwa ikishonwa kwa kamba za makumbi mpaka karne iliyopita.

Mimi nimeisoma mishono hii katika vitabu. Mzee wetu alifunzwa kazi na baba yake, ambaye naye aliikuta mitepe ikitengenezwa ufukweni. Zimeni taa hizo za mbele tafadhali, nimeikuza picha ubavuni. Mzee, karibu mbele, mpeni mkono apite. Tuonyeshe kwa kidole: mshono huu ungeshika maji, au mchoraji alikisia?